Alaimenti ya Pikapu Huanzia Nyuma

Mwenye pikapu akiona tairi la mbele linakula upande mmoja, au usukani umekaa mshazari huku gari likienda moja kwa moja, huenda kupiga alaimenti. Fundi anafunga vipimo kwenye magurudumu mawili ya mbele, anazungusha tairodi za kushoto na kulia, anapokea hela yake, gari linaondoka. Miezi michache baadaye tairi limekula tena palepale, na lawama zinaiangukia mashine. Mara nyingi mashine haina kosa: ilipima ilichoelekezwa kupima, na nyuma hakuna aliyetazama.

Pikapu haijaundwa kama saluni. Kwenye Hilux, D-Max au Ranger ya kawaida, mbele kila gurudumu linajitegemea kwa wishiboni zake; nyuma kuna ekseli moja nzima iliyofungwa kwenye springi za vyuma bapa. Mbele kuna mahali pa kurekebisha, nyuma hakuna, na ndiyo sababu mafundi wengi huparuka. Lakini inakoelekea ekseli ya nyuma ndiko gari linakosukumwa, hata magurudumu ya mbele yawe yamenyooka kiasi gani.

Kinachoishika ekseli hiyo ni yuboliti zinazoibana na springi, pamoja na senta boliti, inayopita katikati ya vyuma vya springi na kuingiza kichwa chake kwenye tundu la ekseli ili isiteleze. Pakia mzigo kupita kiasi, pita kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, acha yuboliti zilegee: siku moja senta boliti inakatika na ekseli inasogea upande mmoja. Chukua Hilux ya milango minne, ambayo kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 3,085 na upana kati ya matairi ni karibu mita 1.5. Upande mmoja wa ekseli ukirudi nyuma sentimita 1 tu, ekseli nzima imepinda zaidi ya theluthi moja ya digrii, na magurudumu ya nyuma yanapita karibu sentimita 2 pembeni ya njia ya yale ya mbele. Gari linatembea kikaa, na dereva anashikilia usukani mshazari bila kujua anapambana na nini.

Hapo ndipo hutokea ujanja wa kuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Macho yanaridhika, lakini ekseli bado imepinda. Zaidi ya hapo, kwenye gari la kisasa lenye mfumo wa kuzuia kuteleza, kihisio cha usukani kinaweza kudhani unakata kona wakati uko kwenye mstari ulionyooka.

Jambo hili unaweza kulichunguza mwenyewe. Simamisha gari pahali tambarare, nyoosha magurudumu ya mbele, kisha pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Milimita chache zisikutie hofu. Tofauti ikikaribia sentimita 1, kagua springi, bushi na yuboliti kabla hujalipia alaimenti.

Nyuma pakiwa sawa, twende mbele, ambako kuna pembe tatu. Tou ni namna matairi mawili yanavyoelekeana au kuachana ukiyatazama kutoka juu. Kemba ni jinsi tairi linavyolala ndani au nje ukilitazama kutoka mbele ya gari. Kasta huonekana ukitazama gari kwa ubavuni: ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu huugeukia, na ndiyo inayourudisha usukani wenyewe baada ya kona.

Katika tatu hizi, tou ndiyo inayomaliza matairi upesi zaidi. Tairi lililokosea robo ya digrii huburuzwa pembeni zaidi ya mita 4 kwa kila kilomita. Toka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ya takriban kilomita 190, na tairi lako litakuwa limesuguliwa pembeni zaidi ya mita 800. Robo hiyo ya digrii, kwa tairi la Hilux la inchi 17, ni milimita 3 na kitu tu, ambazo kwa jicho huzioni.

Ila kiganja huzihisi. Gari likiwa limezimwa na tairi limepoa, pitisha mkono juu ya kashata za tairi, kwanza kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ukisikia laini unapoingia na ukali kama wa msumeno unapotoka, matairi yameelekeana kupita kiasi. Ikiwa kinyume chake, yameachana. Tairi lililolika bega moja bila makali hayo huelekeza kwenye kemba. Likilika mabega yote mawili, halijawa na upepo wa kutosha. Likilika katikati, upepo umezidi. Likiwa na mabonde hapa na pale, tazama shokapu. Na kama usukani unatetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, anza na balansi, ambayo ni kazi nyingine kabisa.

Fundi makini haanzi na mashine. Hujaza upepo sawasawa, hupiga jeki, hushika gurudumu juu na chini kutafuta boljointi au beringi iliyolegea, kisha kushoto na kulia kutafuta tairodi iliyochoka. Kitu kikicheza, kibadilishwe kwanza, maana vipimo vilivyowekwa juu ya kitu kinachocheza havidumu. Ndipo anapima magurudumu yote manne, anarekebisha kasta na kemba, na tou anaiacha ya mwisho kwa sababu hizo mbili huivuruga.

Kwenye Hilux za kuanzia 2005, kasta na kemba hurekebishwa kwa boliti zenye kamu kwenye wishiboni ya chini. Kwa gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja, boliti hizo zinaweza kushikana kwa kutu ndani ya bushi zisizunguke kabisa. Baadhi ya mafundi huziacha, huweka tou peke yake na kusema kazi imekwisha. Muulize waziwazi kama zinazunguka. Kama hazizunguki, dawa ni kuzikata na kuweka mpya pamoja na bushi.

Pikapu iliyoinuliwa nayo hubadilika pembe zake, kwa hiyo kuinua gari na kupiga alaimenti ni bajeti moja. Mzigo nao una neno: nyuma pakishuka, pua huinuka na pembe za mbele husogea. Vipimo vya kiwandani kwa kawaida ni vya gari lisilo na shehena, basi usiende na mifuko ya saruji. Lakini sanduku la zana au bampa ya chuma ambayo haitoki kamwe, nenda nayo, kwa kuwa ndiyo hali halisi ya gari lako.

Kabla hujaondoka, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Angalia kama mstari wa magurudumu ya nyuma una namba. Ukiwa mtupu, ujue yamepimwa ya mbele tu. Iweke karatasi hiyo kwenye gari. Rudi kupima ukigonga shimo kubwa, ukibadilisha tairodi au springi, au ukifunga matairi mapya, na safari ijayo mpe fundi karatasi ya zamani aanze kwa kulinganisha namba za nyuma.