Sataranji si kazi ya kichwa tu

Mzazi anayemwona mwanawe ameinamia ubao wa sataranji hudhani kinachochoka ni akili peke yake. Sivyo.

Katika mashindano ya Grand Prix jijini Berlin, Februari 2022, wachezaji 16 waligawanywa makundi manne, kila mmoja akikutana mara mbili na wenzake watatu. Kinara wa kundi tu ndiye aliyeingia nusu fainali. Fainali ya Hikaru Nakamura wa Marekani na Levon Aronian ilikwenda sare 1-1, ikaamuliwa kwa michezo ya haraka. Nakamura alishinda yote miwili, akiwa ameketi ubaoni si chini ya mara 12 ndani ya wiki mbili. Na mchezo mmoja huweza kupita saa nne!

Anatoly Karpov alielezwa kupungua takribani kilo 10 alipopambana na Garry Kasparov, Moscow, 1984 hadi 1985. Pambano lilisimamishwa baada ya michezo 48, bila mshindi.

Kwa hiyo mtoto anayekwenda kushindana alale mapema, ale, abebe maji. Mkumbushe pia kwamba akishacheza zamu yake anaruhusiwa kuinuka na kunyoosha miguu humo ukumbini.