Mbwa akitapika na kuharisha damu, kila saa ina thamani

JANA jioni alikuwa akikimbizana na watoto uani na kutafuna ndara za kila mgeni. Asubuhi ya leo amejikunyata pembeni mwa kibanda chake, ugali na omena aliowekewa usiku haujaguswa, na mtoto anapomwita kwa jina hata mkia hautikisi.

Kufikia adhuhuri ametapika povu la manjano mara tatu. Jioni anaanza kuharisha, na kinyesi chenyewe ni majimaji yaliyochanganyika na damu, yenye uvundo ambao aliyewahi kuunusa hausahau.

Hayo ndiyo masaibu yanayozikumba familia nyingi zinazofuga mbwa, hasa zile ambazo zimetoka tu kununua au kupewa kilebu, yaani mtoto wa mbwa. Baadhi huamini kuwa ni minyoo. Wengine hudhani kwamba amekula kitu kibovu jalalani, au kwamba jirani asiyependa mbwa amemtilia sumu. Basi humnywesha maziwa na kungoja kupambazuke. Aghalabu kunapopambazuka huwa wamechelewa.

Ugonjwa unaopaswa kushukiwa kwanza, iwapo mbwa huyo hajatimiza mwaka mmoja na hajakamilisha chanjo zake, ni parvo. Huu ni ugonjwa wa virusi ambao, usipotibiwa, unaweza kuwaua vilebu tisa kati ya kila kumi wanaoupata, na wengi hufa katika muda wa siku mbili au tatu tangu dalili zilipoanza kuonekana. Lakini kilebu anayefikishwa mapema kwa daktari wa mifugo na kupewa matibabu kamili ana nafasi nzuri ya kupona.

Parvo si ugonjwa wa kale. Wataalamu waliutambua mwaka wa 1978, ukiwa umetokana na virusi vinavyofanana sana na vile vinavyowaua paka. Katika muda wa miaka miwili hivi ulikuwa umeenea kote duniani, kwani hapakuwa na mbwa aliyekuwa na kinga dhidi yake.

Hata wanyama wa porini hawakusazwa. Katika kisiwa cha Isle Royale nchini Marekani, mbwa mwitu waliokuwa 50 mwaka wa 1980 walisalia 14 kufikia 1982, na watafiti walihusisha maafa hayo na virusi vya parvo vilivyoletwa kisiwani na binadamu au mbwa wao.

Ili kuelewa ni kwa nini ugonjwa huu huua upesi, yafaa kujua unachofanya ndani ya mwili. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza maji na virutubishi vya chakula. Vinyweleo hivi huchakaa haraka, na kila baada ya siku chache huchipuka vingine kutokana na seli zilizo chini yake.

Virusi vya parvo huzaana ndani ya seli zinazogawanyika kwa kasi, na seli hizo za utumbo ndizo shabaha yake. Zinapokufa, vinyweleo vilivyochakaa hukosa vya kuchukua nafasi yake. Utumbo hubaki kama kidonda kilicho wazi: maji na damu huvuja kuelekea nje, nao bakteria ambao kwa kawaida huishi tumboni bila madhara hupenya na kuingia katika damu.

Wakati huohuo, virusi hivyo hushambulia uboho wa mifupa, ambako chembechembe nyeupe za damu hutengenezwa. Hivyo basi mwili hupokonywa askari wake saa ileile adui anapovunja mlango. Mara nyingi kinachomuua kilebu hasa ni mambo mawili: kuishiwa na maji mwilini, na sumu ya bakteria waliotapakaa katika damu.

Hata hivyo, si kila mbwa anayetapika ana parvo. Mbwa aliyekula sumu, kama vile dawa ya kupe au ya kuua wadudu, huweza pia kutetemeka, kudondokwa na mate mengi na kupatwa na degedege. Mbwa mkubwa ambaye tumbo limemfura ghafla, naye anajaribu kutapika bila kutoa chochote, huenda tumbo lake limejipinda, na asipofanyiwa upasuaji katika muda wa saa chache atakufa. Mwingine huenda amemeza mfupa au kitambaa kikamziba utumbo, au ana minyoo mingi ambayo huweza pia kumtoa damu.

Dalili hizi hufanana kiasi kwamba mwenye mbwa hawezi kuzitenganisha kwa macho. Daktari huweza kupima kinyesi kwa kifaa kidogo kinachotoa majibu katika muda wa dakika kama kumi. Iwapo majibu yataonyesha kwamba hakuna parvo ilhali dalili zote zipo, kipimo hurudiwa, kwani siku za mwanzo virusi vinaweza kukosa kuonekana.

Je, mwenye mbwa afanye nini kabla ya kumfikia daktari?

Kwanza, amtenge mgonjwa na mbwa wengine mara moja. Pili, amkague. Ainue mdomo na kugusa ufizi: ufizi wa mbwa mwenye afya huwa na unyevu na rangi ya waridi, ilhali ule uliokauka, unaonata au uliofifia ni ishara mbaya. Avute taratibu ngozi ya mabegani kisha aiachie. Isiporejea mahali pake upesi, maji yamepungua sana mwilini.

Tatu, ampigie daktari simu kabla ya kufika na amweleze kuwa anashuku parvo, ili mgonjwa asiwekwe pamoja na mbwa wengine wanaosubiri kuhudumiwa. Abebe kadi ya chanjo, kinyesi kidogo ndani ya mfuko uliofungwa vyema na, kama kuna shaka ya sumu, pakiti ya sumu yenyewe.

Yapo pia mambo ya kuepuka. Mbwa asipewe dawa za binadamu za kutuliza maumivu kama vile paracetamol au ibuprofen, kwa kuwa zinaweza kumwangamiza kuliko ugonjwa wenyewe. Asilazimishwe kunywa maji ilhali anatapika, maana yanaweza kumwingia mapafuni. Asinyweshwe chumvi ili atapike zaidi. Vilevile, asipewe dawa ya minyoo wala kuchanjwa akiwa katika hali hiyo kabla ya daktari kumchunguza.

Katika zahanati nyingi hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Nchini Marekani, serikali iliidhinisha kwa masharti mnamo 2023 sindano ya kingamwili inayovizuia virusi hivyo kuingia katika seli. Kwingineko, matibabu ni kuusaidia mwili usimame hadi utengeneze kinga yake, jambo ambalo huchukua siku kadhaa.

Mgonjwa hutiwa maji yenye madini na sukari kupitia mshipa, hudungwa sindano za kuzuia kutapika, na hupewa viuavijasumu dhidi ya bakteria waliopenya katika damu. Viuavijasumu hivyo havigusi virusi. Aidha, hufunikwa ili apate joto, na hulishwa chakula laini kidogo kidogo punde anapoweza kukihimili. Zamani iliaminika kwamba anayeharisha ashindishwe njaa, lakini siku hizi inajulikana kuwa chakula cha mapema huusaidia utumbo kupona. Kwa kawaida, kilebu anayevuka siku tatu au nne za kwanza hupona.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kulazwa kwa siku nne au tano, pamoja na maji, dawa na uangalizi wa usiku na mchana, ni gharama ambayo huweza kushinda bei ya mbwa mwenyewe mara kadhaa. Mzazi mwenye karo ya kulipa hujikuta mbele ya daktari akilazimika kuchagua, huku mtoto wake akimtazama.

Kabla ya kukata tamaa, yafaa amuulize daktari kuhusu njia ya kati. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State nchini Marekani, uliochapishwa 2017, vilebu waliolazwa na kutiwa maji mishipani walipona kwa asilimia 90. Wale waliotibiwa kama wagonjwa wa nje, kwa maji yaliyodungwa chini ya ngozi na sindano za kuzuia kutapika na bakteria, walipona kwa asilimia 80.

Matibabu hayo huhitaji mtu wa kukesha na mgonjwa, kumpima joto, kumlisha kwa bomba la sindano na kumrejesha kwa daktari mara hali inapozidi. Si ya kila mgonjwa, lakini ni bora mno kuliko kungoja. Na pale daktari anapoona kwamba mnyama anateseka bila matumaini, kumpumzisha bila maumivu si ukatili.

Vita vingine hupiganwa uani. Parvo haimwambukizi binadamu, lakini binadamu huibeba kwa viatu, nguo na mikono. Kinyesi cha mgonjwa huwa na virusi chungu nzima, navyo huweza kuishi kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sabuni za kawaida haziviui.

Kinachoviua ni dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huijua kama Jik. Kikombe kimoja huchanganywa na vikombe 30 vya maji. Uchafu wote huondolewa na sakafu kuoshwa kwanza, kwani klorini hupoteza nguvu inapokutana na kinyesi, kisha mchanganyiko huo humwagwa na kuachwa kwa angalau dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Vyombo vya kulia pia husafishwa hivyo, nayo matandiko yaliyochafuka sana huchomwa. Anayefanya kazi hiyo avae glavu, maana yapo magonjwa mengine ya kuhara ya mbwa, pamoja na minyoo, yanayoweza kumpata binadamu.

Mbwa aliyepona huendelea kutoa virusi katika kinyesi, hivyo basi atengwe kwa wiki mbili zaidi. Iwapo amekufa, azikwe katika shimo la kina, mbali na kisima au mto. Mwingine asiletwe katika ua huohuo kabla hajakamilisha chanjo.

Suala la chanjo ndilo lenye utata mwingi. Wapo wanaolalamika kwamba kilebu wao alichanjwa na bado akaugua. Sababu ni kwamba mtoto wa mbwa hupokea kinga kutoka kwa mamake kupitia maziwa ya siku za kwanza. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo kufanya kazi. Kisha hupungua hatua kwa hatua, na hufika wakati ambapo imekuwa hafifu kiasi cha kutoweza kuvizuia virusi, ilhali bado ina nguvu za kuibatilisha chanjo.

Hakuna ajuaye siku hiyo itamfikia lini kila kilebu. Kwa hiyo huchanjwa mara kadhaa: kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, kisha kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka atimize angalau wiki 16. Nyingine hufuata kabla hajapita mwaka mmoja, na baada ya hapo kwa ratiba atakayoitoa daktari. Sindano moja anayopigwa kilebu wa miezi miwili kabla ya kuuzwa haitoshi, hata muuzaji aape vipi.

Isitoshe, chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa bila malipo katika baadhi ya kampeni za kaunti, haizuii parvo. Hizi ni chanjo mbili tofauti, na mbwa huzihitaji zote. Chanjo pia hudai kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi mbili hadi nane, hivyo chupa iliyoshinda kwenye rafu ya duka au mfukoni mwa mtu juani haina faida. Ni salama zaidi kuchanjiwa na daktari aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo nchini, ambaye ataijaza na kuitia sahihi kadi ya chanjo.

Mpaka ratiba hiyo ikamilike, kilebu asitembezwe sokoni, barabarani wala mahali ambapo mbwa wasiojulikana hupita.

Watoto nao wasisahaulike. Kwa wengi wao, mbwa huyu ndiye kiumbe wa kwanza kuwahi kumlea. Mzazi anayewaambia kwamba ametorokea shambani huwaacha wakimngojea langoni. Wakielezwa ukweli kwa maneno mepesi, wataomboleza, kisha watapata nafuu. Na siku kilebu mwingine atakapoletwa nyumbani, wapewe jukumu la kutunza kadi yake na kuhesabu wiki zilizosalia kabla ya sindano inayofuata.