Mseto wa nyimbo

Mseto wa nyimbo ni wimbo unaopatikana kwa kuunganisha nyimbo mbili au zaidi zinazojulikana, mara nyingi kwa kuimba maneno ya mmoja kwa tuni au mdundo wa mwingine. Baadhi ya miseto hurekodiwa. Mingine hubaki ya kufikirika tu na husimuliwa ili kuchekesha. Asiyezijua nyimbo za mwanzo hawezi kucheka.

Si kila mseto ni mzaha. Tangu 1997 wimbo wa taifa wa Afrika Kusini unaunganisha "Nkosi Sikelel' iAfrika" na "Die Stem", nyimbo za pande mbili zilizokuwa zikipingana.

Mfano wa kufikirika ni kuunganisha "Malaika", uliopata umaarufu kwa sauti ya Fadhili William miaka ya 1960, na "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms (1982). Katika wa kwanza kijana anasikitika kwamba hana mali ya kuolea. Wa pili unamkaribisha mgeni na kumtoa wasiwasi. Katika mseto wao, kijana anamliwaza mchumba kwa ukarimu wa hoteli, na mahari bado haijalipwa.

Katika muziki wa Wagogo

Wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma, "Malaika" ungeweza kuwekewa mdundo wa muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana mapajani. Hapo kijana angelilia fedha mbele ya akina mama ambao kwa desturi yao mahari ni ng'ombe.

Mdundo huungana kwa urahisi. Tuni ndiyo ngumu. Kinanda hugawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa. Nyimbo nyingi za jadi za Wagogo hufuata sauti za asili za uzi, na mojawapo iko chini ya ile ya kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Vikipigwa pamoja, zeze huonekana limekosea, kumbe halina kosa lolote. Programu za kompyuta za kunyoosha sauti huipandisha hadi ilingane na kinanda. Kinachobaki ni wimbo wa kinanda wenye maneno ya Kigogo. Afadhali fundi achukue mdundo peke yake, au arekebishe kinanda kilifuate zeze.

Muziki huu husikika katika Tamasha la Muziki wa Wagogo, lililoanzishwa Chamwino mwaka 2009. Hukwe Zawose (1938–2003), Mgogo aliyesifika kwa zeze na ilimba, alirekodi albamu ya "Assembly" (2002) pamoja na Michael Brook wa Kanada.