Kesi Iliyoendelea Ng'ambo

Kwa kawaida, mahakama ikishatoa hukumu, kesi imekwisha. Karani hufunga jalada, askari huondoka na mfungwa wake, na waliojaa ukumbini hurudi kwenye shughuli zao. Lakini Unguja, enzi za utawala wa Waingereza, kulikuwa na kesi iliyokataa kufungwa namna hiyo. Mtu aliyeitwa Kijiti alimwua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, kisha akatoroka, mkono wa sheria usimfikie. Waliobaki walikuwa wanawake waliofuatana na marehemu siku ile. Waliitwa kutoa ushahidi, na mwisho wake wakafungwa wao.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na kundi lake wakaitungia wimbo kesi hiyo, na jina la wimbo likawa jina la muuaji.

Wasanii wetu wakiulizwa redioni kazi yao ni nini, wengi hujibu kwamba wao ni kioo cha jamii. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara naona yanamnyima msanii sehemu kubwa ya kazi yake. Kioo hurudisha kilichosimama mbele yake, kwa mpangilio uleule. Siti alifanya zaidi ya hapo: aliupindua mpangilio.

Mahakama inaweza kushughulika na aliyesimama mbele yake tu. Kijiti hakuwapo kizimbani, hivyo ghadhabu ya jaji iliwaangukia waliokuwapo. Wimbo unaanzia upande wa pili. Unawaita watu waje watazame, na cha kutazamwa ni kitendo cha Kijiti. Jina lake limewekwa kwenye kiitikio, na hapo ndipo penye ufundi. Hadithi inasonga mbele ubeti kwa ubeti, inafika mahakamani, inaonyesha mashahidi wakikaripiwa na kufungwa, lakini kila ubeti ukimalizika waitikiaji wanarudi kwa Kijiti. Aliyeponyoka sheria hana pa kuuponyokea wimbo. Na msikilizaji aliyesikia kifungo cha wale wanawake, akarudishwa hapo hapo kwa muuaji, haambiwi na mtu kwamba hukumu ilikuwa mbovu. Analiona pengo kwa macho yake.

Liko neno jingine la kutulia nalo. Kiitikio kinamtaja marehemu kwa cheo kimoja: mgeni. Mtu wa pwani akilisikia neno hilo hahitaji kufafanuliwa. Mgeni ni amana. Anakaribishwa, anapewa maji, analazwa, na siku ya kuondoka anasindikizwa, na likimpata jambo ni aibu ya mji mzima. Kwa jaji kutoka Uingereza mambo ya kupima yalikuwa mengine: nani alikuwa na nani, nani alileta nini, nani alaumiwe kwa mwenendo wake. Kwa neno moja tu, wimbo uliitoa kesi kwenye mizani yake ukaipima kwa mizani ya wenyeji. Kwa mizani hiyo, anayeulizwa kwanza ni yule aliyemchukua mgeni akamrudisha hana uhai.

Ili kuona uzito wa jambo hili, tukumbuke nani alikuwa akiimba na kwa nani. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliopitia utumwa, akauza vyungu akivitembeza mjini na kuvinadi kwa sauti. Shaaban Robert ameyasimulia maisha yake kitabuni. Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa ya ikulu, ya Kiarabu, iliyoletwa na Sultani Barghash kutoka Misri. Siti akaishusha kwenye Kiswahili, akaiimba nyumbani kwake Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mtaa wa makabwela na Mji Mkongwe. Magazeti ya Unguja wakati huo yaliandikwa zaidi kwa Kiingereza, Kigujarati na Kiarabu. Mama wa Ng'ambo aliyetaka kujua yaliyotokea mahakamani, kwa lugha yake na kwa maana inayomhusu, alikuwa na njia chache zilizozidi kukaa akamsikiliza Siti.

Kisha ikaja santuri. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu, nao wimbo wa taarabu ukipigwa barazani waweza kwenda mpaka chai ipoe. Ilibidi kukata, kubakiza beti zinazobeba kisa. Lakini kwa mkato huo habari ya Unguja iliweza kusafiri.

Nguvu hii inanitia hofu pia. Wimbo hauna rufaa. Ukimtaja mtu kwa uwongo, atakwenda kaburini na kiitikio kimemng'ang'ania. Ndiyo maana naona msanii anayeshika habari ya leo anawiwa na ukweli wake kuliko hata mwandishi wa gazeti, ambaye kesho anaweza kuchapisha masahihisho.

Tuuweke "Kijiti" karibu na wimbo wa zama zetu. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alitoa "Wapo", ukiwahoji wenye nchi na hali ya mambo. Alikamatwa mkoani Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Mara Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe, wimbo upigwe, na tena auongezee mengine, wakiwamo wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Mimi nilifurahi kwamba mtu amelala kwake, lakini maelekezo yale ya kuongeza beti yalinikaa vibaya. Ubeti ulioagizwa na mkubwa unakuwa wa mkubwa, hata ukiimbwa kwa sauti ya msanii. Na siku chache baadaye, Aprili 5, msanii mwingine, Roma Mkatoliki, na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio Dar es Salaam, wakapatikana siku ya tatu. Hisani ya juu haikuwa ngao ya fani nzima.

"Wapo" ulichukua mambo mengi kwa pamoja, na nyimbo za namna hiyo zina siku yake: zinawaka pale joto la nchi lilipo. Siti alichukua mauaji ya mtu mmoja na hukumu ya siku moja. Ningedhani kisa kidogo ndicho kingesahaulika kwanza. Haikuwa hivyo: jaji yule amesahaulika, na wengi wanaoujua wimbo hawawezi kukutajia mwaka wa kesi, lakini kisa kingali kinaimbwa.

Mwimbaji Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo nyingi kwa kumsikiliza Siti, aliuimba "Kijiti" hadi uzeeni, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, mbele ya watu ambao babu zao hawakuwa wamezaliwa kesi ile iliposikilizwa. Alifariki Aprili 2013. Vijana wa Unguja wangali wanaupiga, na kiitikio kikifika bado kinawaita watu waje watazame.