NISHATI IKO JIKONI KWETU
Tuwasaidie watoto wa shule ya msingi kuzijua nguvu za aina mbalimbali

Mwezi huu ukurasa wa elimu unazungumza juu ya somo moja la sayansi ambalo watoto wanakutana nalo tena na tena katika shule ya msingi: nishati. Neno lenyewe linatisha kidogo. Mtoto anarudi nyumbani anasema, "Leo tumesoma nishati," baba anauliza, "Ndiyo nini hiyo?" na mazungumzo yanaishia hapo.

Tusikubali yaishie hapo. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, ile ambayo nyumbani tunaiita nguvu tu. Na hakuna familia kambini isiyohangaika nayo kila siku: kuni zitatoka wapi, makala yatafika mwisho wa mwezi ao hapana, tochi imezimika, simu haina chaji. Kwa hiyo mama anayepika kila siku anajua mengi juu ya nishati kuliko anavyofikiri.

Wengine wanasema: "Shule haina maabara, haina umeme, watoto ni wengi kuliko mabenchi. Watajifunza sayansi gani?" Jibu ni kwamba kwa somo hili maabara tunayo. Ni mafiga matatu, sufuria, bidoni, jua la saa sita, jiwe, na mpira wa matambara.

NGUVU SABA AMBAZO MTOTO ANAWEZA KUZIONA

1. Nguvu iliyofichwa ndani ya vitu. Iko ndani ya kuni, makala, mafuta ya taa, bateri, na pia ndani ya ugali na maharagi. Huioni mpaka uwashe, utumie ao ule.
2. Joto. Mkono karibu na mbabula unajua bila kufundishwa.
3. Mwanga. Wa jua, wa taa, wa moto.
4. Sauti. Piga ngoma huku mtoto ameweka kiganja juu ya ngozi yake. Atasikia ngozi inatetemeka. Hiyo ndiyo sauti inavyozaliwa.
5. Mwendo. Mpira unaoviringika, upepo unaovuta hema, maji yanayoshuka.
6. Nguvu ya kitu kilicho juu. Jiwe lililo juu ya meza limetulia, lakini likianguka mguuni utajua lilikuwa na nguvu. Tangi la maji lililo juu ya kilima linateremsha maji mpaka kwenye bomba bila mashini, juu liko juu.
7. Umeme. Unatoka kwenye bateri, kwenye sahani ya jua, ao kwenye mtambo mkubwa.

Kosa ambalo watoto wengi wanalo ni kufikiri kwamba nishati maana yake ni umeme peke yake. Mtoto wa kambini aliyezoea giza la usiku anaweza kusema, "Sisi hatuna nishati." Mrekebishe polepole. Mwulize: aliyebeba bidoni ya lita 20 kutoka bombani ametumia nini?

MOTO HUZAA MAJIVU, LAKINI JOTO LIMEKWENDA WAPI?

Wazee wetu wanasema moto huzaa majivu. Ni kweli, lakini mwalimu wa sayansi anaongeza swali: na nguvu iliyokuwa ndani ya kuni imekwenda wapi? Haikupotea. Sehemu iliingia ndani ya sufuria ikachemsha maharagi. Sehemu iligeuka mwanga. Sehemu kubwa ilipasha mawe, ilipanda na moshi, ikapeperushwa na upepo. Hii ndiyo kanuni kubwa ya somo lote: nishati haipotei, inabadilika umbo na inahama mahali.

Mchezo mzuri kwa watoto ni kufuata safari ya nguvu, kama vile unavyofuata njia mpaka kwenye chemchemi. Kwa mfano: jua linaotesha mahindi, mahindi yanakuwa ugali, ugali unaupa mkono nguvu, mkono unainua jembe, jembe linapasua udongo. Ao ile redio ya kuzungusha kwa mkono, ambayo watu wengi wameiona kambini. Mwingereza Trevor Baylis aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili watu wa vijijini Afrika wapate habari za UKIMWI bila kununua bateri. Mkono unazungusha, nguvu inawekwa akiba ndani ya redio, inageuka umeme, umeme unageuka sauti. Mwache mtoto aseme mwenyewe kila hatua. Akikwama, msimpige kelele, mwulize tu: "Na kabla ya hapo?"

ZIWA LETU NA MTO WETU VINAFUNDISHA

Wengi wetu tunatoka Bukavu, Uvira, Goma, Masisi, Fizi. Tuwaambie watoto kwamba kwao kuna mifano ambayo vitabu vya dunia nzima vinaitaja.

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, ambalo liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, unashuka mpaka Ziwa Tanganyika, lililo karibu mita 770. Hesabu hiyo watoto wa darasa la tano wafanye wenyewe: maji yanashuka karibu mita 700. Nguvu ya kuwa juu inageuka mwendo, mwendo unazungusha magurudumu ya mtambo, na mtambo unatoa umeme. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili ulianza mwaka 1989, na ni mali ya nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi. Watu wanaombwa karatasi mpakani, lakini maji hayaombwi, na umeme wake unawasha taa pande zote.

Ziwa Kivu lenyewe lina jambo la ajabu zaidi. Chini kabisa, katika maji mazito yenye kina cha mamia ya mita, kuna gesi inayowaka, inayoitwa methani. Tangu mwaka 1963, gesi kutoka ziwani ilitumika kuchemshia katika kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 ulifunguliwa rasmi mtambo wa Karongi, upande wa Rwanda, wa megawati 26. Hapa tena kuna hesabu: megawati 26 ni wati 26,000,000. Kama taa moja inakula wati 10, taa ngapi zitawaka? Ni 2,600,000. Mtoto akipata jibu hilo mwenyewe hatalisahau.

DARASA KWA DARASA

Darasa la kwanza na la pili. Watoto waguse, waone, wasikie. Wasugue viganja vyao haraka mpaka vipate joto: mwendo umegeuka joto. Wapige mabati, wapulize majani, wadondoshe jiwe kwenye mchanga kutoka juu kidogo, halafu juu zaidi, na waone shimo lipi ni kubwa. Maneno yawe machache.

Darasa la tatu na la nne. Waanze kupima na kulinganisha. Chukua makopo mawili yanayofanana. Moja lipakwe masizi liwe jeusi, lingine liachwe linang'aa. Yatie maji sawa, yawekwe juani saa mbili. Watoto waweke kidole: jeusi lina joto zaidi, kwa sababu rangi nyeusi inameza mwanga wa jua. Watoto wasiliangalie jua lenyewe kwa macho hata mara moja, linaharibu macho.

Jaribio la pili ni la blanketi. Waulize kwanza: "Blanketi inatoa joto?" Wengi watasema ndiyo. Weka maji ya vuguvugu katika makopo mawili, funika moja kwa blanketi, lingine liache wazi. Baada ya nusu saa lililofunikwa bado lina joto. Halafu fanya hivyo hivyo kwa maji ya baridi peke yake: lililofunikwa kwa blanketi haligeuki kuwa la moto! Basi watoto wanagundua wenyewe kwamba blanketi haizai joto, inalizuia tu lisitoroke.

Darasa la tano na la sita. Hapa wahesabu na watafute faida kwa nyumba zao. Jaribio la chupa ya jua linafaa sana. Chupa ya plastiki safi isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, inajazwa maji maangavu yasiyo na matope, inalazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Mionzi ya jua inaua vijidudu. Kama mawingu ni mengi, iache siku mbili mfululizo. Siku za mvua njia hii haifai. Maji ya bomba yaliyokwisha kutiwa dawa hayahitaji hivyo, lakini siku bomba limekauka na watu wamechota mtoni, mtoto mwenye kujua hili anaweza kuokoa tumbo la mdogo wake.

SOMO HILI LINAMREJESHA BINTI DARASANI

Sasa tuseme ukweli. Darasani siku ya kuni viti vinavyobaki wazi ni vya nani? Mara nyingi ni vya mabinti. Wanakwenda mbali, wanarudi wamechoka, na njiani kuna hatari ambazo kila mama anazijua na hataki kuzitaja mbele ya watoto. Kwa hiyo kila kijiti kinachookolewa jikoni ni dakika kwa binti yetu, na ni usalama wake.

Hapa sayansi ya blanketi inaingia kwenye sufuria. Fanyeni hivi nyumbani, watoto wakihesabu:

- Lowesha maharagi usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji.
- Pasua kuni ndogo na uzikaushe. Kuni mbichi zinapoteza nguvu kwa kukausha maji yao wenyewe, ndiyo sababu ya moshi mwingi.
- Kinga moto na upepo, funika sufuria.
- Chemsha maharagi kwa nguvu dakika 20 zisizopungua. Halafu, kifuniko kikiwa juu, iweke sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa matambara, blanketi kuukuu ao majani makavu ya ndizi, na ufunike vizuri. Usifungue kwa saa 3 ao 4. Joto lililokuwa litoroke linaendelea kupika. Kabla ya kula, rudisha motoni yachemke tena.

Mwalimu anaweza kuomba familia mbili zipike maharagi kipimo kimoja, moja kwa njia ya zamani na nyingine kwa kikapu, na watoto wahesabu vijiti vya kuni kila upande. Namba watakazopata ni za kwao, siyo za kwenye kitabu. Na baba akiona hizo namba, labda mwenyewe atasuka kikapu.

KIJANA WA MALAWI

Kuna watoto wetu ambao wameacha masomo, wanafikiri mambo haya si yao tena. Wasikie habari ya William Kamkwamba. Njaa kubwa ilipoikumba Malawi miaka ya 2001 na 2002, wazazi wake walishindwa kulipa karo, akaacha shule akiwa na miaka 14. Hakukaa bure. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha nishati. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akawa anasoma kwa kufuata picha. Mwaka 2002, kwa baiskeli kuukuu, dinamo, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na miti, alijenga kinu cha upepo kilichowasha taa na redio nyumbani kwao. Watu walimcheka mpaka taa ilipowaka. Baadaye alirudi shuleni, na mwaka 2014 alimaliza chuo kikuu cha Dartmouth huko Marekani.

Hatusemi kila mtoto atajenga kinu. Tunasema kwamba kitabu kimoja na macho yaliyozoea kuuliza vilitosha kuanza.

TAHADHARI

Nguvu inayopika ndiyo inayounguza. Tufundishe yote mawili.

Msilale na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Watu wa Goma wanajua mazuku, hewa ya ardhini inayoua mtu bila kumwonyesha kitu. Hii ya makala ni hewa nyingine, lakini inaua kimyakimya vilevile.

Msitupe bateri motoni, inaweza kupasuka. Msiweke mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, mtoto ataifikiri ni kinywaji. Akinywa, msimtapishe, mkimbizeni zahanati. Na mtoto akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

MASWALI YA JIONI

Baada ya chakula, ulizaneni kama vitendawili:

1. Nani analisha kuni kabla kuni hazijalisha moto?
2. Kwa nini bidoni tupu ikianguka haiumizi kama iliyojaa?
3. Tochi ikiwaka, nguvu inatoka wapi, inakwenda wapi?

Majibu: (1) Jua, ndilo linaloukuza mti. (2) Iliyojaa ni nzito, kwa hiyo inashuka na nguvu nyingi zaidi. (3) Inatoka ndani ya bateri, inageuka umeme, halafu mwanga na joto kidogo.

Wazazi, hata kama hamkusoma, msione haya kukaa na mtoto akiwafundisha. Mtoto anayemweleza mama yake somo analielewa mara mbili. Jioni hii mwambieni awaonyeshe nguvu saba, na msimruhusu kulala kabla hajazimaliza.

Tuonane mwezi ujao.