Oveni ya kabatini: bei ya dukani si bei yake

Nyumba mpya zinazoota Goba, Madale na Kigamboni, jijini Dar es Salaam, zimeachana na jiko la kusimama, lile la plate nne juu na oveni chini. Mwenye nyumba wa leo anataka hobi ikae juu ya kaunta na oveni iingie kabatini, mlango wake wa kioo ulingane na milango mingine. Wauzaji wa Kariakoo wameliona hilo, na wenzao wa Nairobi na Mombasa waliliona mapema zaidi. Ila biashara yenyewe ina kasoro moja kubwa: oveni huuzwa na mtu mmoja, hutengenezewa nafasi na wa pili, huunganishwa umeme na wa tatu, na ikiharibika hufunguliwa na wa nne. Wanne hawa hawakutani hata siku moja. Hasara ya kutokutana kwao hulipwa na mwenye nyumba.

Tuanze na nafasi. Oveni nyingi zinazoletwa huku ni za vipimo vya Ulaya: uso wa sentimita 60 kwa 60 hivi, unaohitaji tundu la upana wa sentimita 56, kimo cha 59 au 60, na kina kisichopungua 55. Seremala wa Keko akipewa vipimo hivyo mapema, kazi ni nyepesi. Kasheshe huanza pale fundi mwashi alipokwisha kumwaga slab ya zege juu ya vikuta vya tofali, kabati zikaja baadaye kujaza nafasi iliyobaki. Plasta na vigae hula sentimita mbili tatu kila upande, na pale palipopimwa 60 panabaki 54. Hapo ama uvunje kikuta, ama uipandishe oveni kwenye kabati refu la pembeni.

Kwangu mimi kabati refu ndilo bora hata pasipo na ugomvi wa zege. Chombo cha moto hutolewa usawa wa kifua bila kuinama, na mtoto anayetambaa haufikii mlango. La kuzingatia ni hewa: nyuma ya oveni pasizibwe, la sivyo joto hukosa pa kutokea na ukanda wa pembeni wa MDF huanza kubanduka.

Kipimo ambacho muuzaji hakitaji ni cha ndani. Lita 65 au 70 zinatosha kwa keki na kuku mzima, lakini kutoka mlangoni hadi kwenye feni kwa kawaida ni sentimita 40 tu hivi. Sinia la duara la sentimita 45, lile linalotoka kabatini siku za shughuli, halitaingia, mlango utaligonga. Na asikudanganye mtu kwamba dawa ni oveni ya sentimita 90. Hiyo huongeza upana, kina kinabaki kilekile. Nenda na sinia lako dukani, wala usione haya.

Kuhusu umeme, watu huogopa yuniti kuliko inavyostahili. Oveni iliyoandikwa wati 3,000 haivuti wati hizo muda wote. Ikishashika joto, thermostati huzima na kuwasha koili kwa zamu. Kuoka kwa saa moja, pamoja na kuipasha kwanza, hula yuniti moja hadi moja na nusu. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa takriban shilingi 356 kwa yuniti, hiyo haifiki shilingi 550. Wa kuwa macho ni yule aliye kwenye daraja la matumizi madogo, la yuniti 75 kwa mwezi, maana oveni ya kila siku inaweza kumtoa huko na kumpandishia bei ya umeme wote wa nyumba.

Kinachostahili kuogopwa ni waya. Wati 3,000 kwa volti 230 ni ampia 13, na huo ndio mwisho wa uwezo wa plagi yetu ya miguu mitatu. Oveni yenye nguvu zaidi ya hapo inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, kwa waya wa milimita za mraba 4 au 6, breka yake, na swichi inayofikika kwa mkono, si iliyofichwa nyuma ya kabati. Nyumba nyingi huvutwa nyaya kabla mwenyewe hajawaza jiko, na oveni huishia kugawana soketi na friji na birika. Kuchimba ukuta uliokwisha kupigwa vigae ni gharama ambayo haipo kwenye risiti ya Kariakoo.

Halafu kuna umeme mdogo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya koili hupungua kwa karibu theluthi nzima, na mkate hutoka mweupe kwa dakika zilezile. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limeiongezea gridi umeme mwingi, lakini megawati hizo haziisaidii transfoma ya mtaa iliyozidiwa. Kwa maeneo hayo oveni ya gesi ina hoja, mradi uhakikishe jeti zake ni za gesi ya mtungi na si za gesi asilia ya bomba. Mahali pengine pote ningechanganya: hobi ya gesi, oveni ya umeme.

Kwenye majina, mnunuzi asibabaike. Haier ya China inaimiliki Candy ya Italia tangu 2019. Hisense iliinunua Gorenje ya Slovenia mwaka 2018. Na Arçelik ya Uturuki, wenye Beko, walichukua hisa nyingi za biashara ya Whirlpool barani Ulaya mwezi Aprili 2024. Majina ni mengi kuliko wenye mali.

Walio ughaibuni wanaotuma kontena nao wana lao. Oveni ya Uingereza, Dubai au Oman inakubaliana na umeme wetu. Ya Marekani iache hukohuko: uso wake una inchi 27 au 30, haulingani na kabati za huku, na taa na saa yake hutumia volti 120.

Vipuri ndivyo vinavyoamua umri wa oveni. Koili na mpira wa mlango hupatikana, na fundi mzuri huvibadilisha kwa siku moja. Bodi ya oveni ya kugusa kioo ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, unaweza kuisubiri miezi. Ndiyo maana ningelipia oveni ya vitasa vya kuzungusha, yenye feni na koili ya juu na ya chini, badala ya ile yenye programu 12 na skrini.

Ukishaichagua, inunue kabla hujampa seremala malipo ya awali. Ndani ya boksi mna karatasi ya vipimo. Mpe seremala nakala moja na fundi umeme nyingine, na usiruhusu vigae vipigwe mpaka wote wawili waje jikoni siku moja.