Baa ya nyumbani: Chupa nne zatosha, mengine yamo shambani

MTU akiamua kuweka baa ndogo nyumbani, jambo la kwanza analofanya ni kwenda dukani na kujaza kikapu. Huchukua wiski mbili, brandi moja, kileo cha rangi ya samawati alichokiona pichani na kingine chenye ladha ya kahawa. Mwaka ukipita, nusu ya chupa hizo bado zimo kabatini, vumbi limezishika shingoni na pesa zimelala humo.

Kwa mwenye nyumba hiyo ni hasara ya kawaida. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo anayetaka kupata riziki kwa kuchanganya kokteli katika harusi, sherehe za mahari au karamu za chama, chupa isiyofunguliwa ni mtaji uliokufa. Wapo wengi walioingia katika kazi hii kwa mkopo na kuishia na kabati la kupendeza lisiloingiza hata senti.

Ukweli ni kwamba chupa nne zinatosha kuanza. Vingine vinavyohitajika kwa kokteli nzuri havitoki ng'ambo. Vinatoka kwa mkulima: ndimu, asali, mnanaa, tangawizi, karakara na sukari.

Kokteli ni nini hasa? Ukiondoa madoido, nyingi kati yake ni kileo kikali, kitu kichachu, kitu kitamu na barafu. Kipimo kinachofaa kuanzia ni mililita 50 za kileo, 25 za maji ya ndimu na 20 hivi za shira. Anayekijua kipimo hicho anaweza kubadilisha kileo au tunda na kupata kinywaji kingine kabisa bila kununua chupa mpya.

Mfano ulio karibu nasi ni Dawa. Kinywaji hiki kilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 1980, na leo ni vigumu kupata hoteli ya watalii nchini isiyokiuza. Kinafanana na caipirinha ya Brazil, ambayo hutengenezwa kwa pombe ya miwa, ndimu na sukari. Dawa hutumia vodka na huongezewa asali.

Kuitengeneza hakuhitaji fundi. Kata ndimu moja vipande vinne, uondoe ule uzi mweupe wa katikati kwa sababu huleta uchungu. Tia vipande hivyo katika bilauri pamoja na kijiko kimoja cha sukari ya hudhurungi, uviponde kidogo kwa mchi hadi maji yatoke. Jaza barafu, mimina mililita 50 za vodka, kisha chovya kijiti katika asali nzito na ukiache ndani ya bilauri. Mnywaji hukoroga mwenyewe, na kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyoongezeka.

Hesabu yake ni rahisi kufuata: ndimu, sukari, asali, barafu na chupa moja tu ya dukani.

Chupa nne za kwanza

Ya kwanza ni vodka. Haina ladha kubwa yake yenyewe, hivyo hukubaliana na karibu tunda lolote. Ukichanganya na maji ya ndimu na soda ya tangawizi, mathalani Stoney, unapata kinywaji ambacho Wamarekani walianza kukiuza miaka ya 1940 kwa jina la Moscow Mule. Wageni wengi hukipenda kwa sababu ladha ya Stoney wanaijua tangu utotoni.

Ya pili ni ramu nyeupe au Kenya Cane, ambayo hutokana na miwa. Hii ndiyo chupa ya mojito: majani ya mnanaa, ndimu, shira, barafu na maji ya soda. Ukiacha mnanaa na soda, ukatikisa vilivyobaki pamoja na barafu kisha ukachuja, umepata daiquiri, kinywaji cha Cuba.

Ya tatu ni jini, nayo ni ile ya kunywa, si lile la hadithi za Pwani. Kazi yake kubwa ni kuchanganywa na toniki, soda chungu yenye kwinini ambayo Waingereza waliizoea India enzi za ukoloni, kwinini ikiwa dawa ya malaria. Jini pia hukubali asali na limau vizuri sana.

Chupa ya nne iachie wageni wako waamue. Palipo na wazee, nunua wiski au brandi ya bei ya wastani. Usinunue wiski ghali kwa ajili ya kuchanganya, kwani asali na ndimu zitafunika kile ulichokilipia.

Ukishapata wateja, ongeza kileo chenye ladha ya machungwa kama Cointreau na kichupa cha Angostura, dawa chungu ya mitishamba kutoka Trinidad ambayo hutiwa kwa matone na hukaa muda mrefu. Tekila na Campari zisubiri mpaka mtu aziombe na awe tayari kuzilipia.

Tahadhari na vamuthi. Watu huiweka kabatini pamoja na vodka wakidhani ni pombe kali, kumbe ni mvinyo uliotiwa mitishamba. Ikishafunguliwa inafaa kukaa ndani ya friji, na ndani ya mwezi mmoja au miwili ladha huanza kuharibika. Vileo vyenye malai kama Amarula pia havikai milele baada ya kufunguliwa. Vitumie ndani ya miezi sita. Vodka, jini na ramu haziozi, lakini ziweke mbali na jua, na chupa yenye kizibo cha gome isimame wima kwa sababu pombe kali hukila kizibo.

Shamba ndilo ghala

Ndimu ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Ndimu ya kienyeji, ile ndogo yenye ngozi nyembamba, ina harufu ambayo ndimu kubwa zisizo na mbegu hazifikii. Sokoni watu hutaka ya kijani kibichi, lakini inapogeuka manjano huwa imeiva na hutoa maji mengi zaidi. Kwa hiyo mchanganyaji mwerevu hununua zile za manjano ambazo mchuuzi anataka kuziondoa kwa bei ya chini, na kubakisha chache za kijani za kupamba bilauri. Chagua iliyo nzito mkononi, na uiviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuikata.

Maji ya ndimu yakamuliwe siku ile ile. Yakilala usiku mmoja hupoteza ule ukali wake mzuri. Hata hivyo, msimu ndimu zinapojaa na bei kuanguka, kamua nyingi, gandisha katika trei za barafu na uhifadhi vipande hivyo katika mfuko uliofungwa. Havitalingana na ndimu mbichi, lakini bei ikipanda mara tatu utashukuru kuwa navyo. Karakara hugandishwa vivyo hivyo, mbegu na rojo kwa pamoja, nayo hupoteza ladha kidogo kuliko ndimu.

Asali ina tatizo moja: haiyeyuki katika kinywaji baridi. Hujikusanya chini ya bilauri na mnywaji huikuta mwishoni. Katika Dawa hilo si neno kwa sababu kuna kijiti, lakini kwa vinywaji vingine changanya sehemu mbili za asali na moja ya maji ya uvuguvugu, ukoroge na uhifadhi kwenye friji. Asali nyeusi yenye moshi huua jini. Itumie na wiski au brandi. Ile nyepesi ndiyo ya vodka.

Shira ya kawaida ni kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji ya moto, na hukaa takriban mwezi mmoja kwenye friji. Ukitumia vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, itakaa zaidi. Ndani yake unaweza kuchemsha tangawizi iliyopondwa, maganda ya chungwa, iliki au ukwaju, na hapo ndipo kazi ya mtu mmoja hutofautiana na ya mwingine. Sukari guru pia hutoa shira nzuri yenye rangi ya kahawia kwa ramu, mradi uichuje kwa kitambaa safi.

Mnanaa hukua kirahisi mno. Kata tawi, liweke katika maji hadi litoe mizizi, kisha lipande kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Ukiupanda moja kwa moja ardhini utasambaa hadi kwenye sukuma wiki. Unapotengeneza mojito, bonyeza majani taratibu ili yatoe harufu. Ukiyatwanga kama kitunguu saumu yanaleta uchungu.

Je, mkulima apande mnanaa kwa ajili ya baa? Binafsi nasema azungumze na mnunuzi kwanza. Majani hunyauka upesi baada ya kuvunwa, na hoteli hutaka vitita vichache kila wiki bila kukosa, si gunia mara moja kwa mwezi. Robo ya kitalu yenye mnunuzi wa kudumu ina faida kuliko nusu ekari isiyo na mwenyewe. Ndimu na karakara ni salama zaidi kwa sababu soko la nyumbani lipo hata baa ikifungwa.

Tone moja lina bei

Vyombo visikutishe. Mtungi wa kioo wa jamu wenye kifuniko kinachobana ni chombo tosha cha kutikisia. Chujio la chai, mchi mdogo, kisu kikali na ubao viko jikoni tayari. Kitu kimoja pekee usikikwepe, nacho ni toti yenye alama za mililita.

Chupa ya mililita 750 hutoa vinywaji 15 vya mililita 50. Anayemimina kwa macho mara nyingi hufikia mililita 60, na chupa ile ile ikatoa 12 na nusu. Tuseme chupa ni Sh1,500. Kwa kipimo, kileo cha kila bilauri ni Sh100. Kwa macho ni Sh120. Katika sherehe iliyomaliza chupa sita, umegawa bure vinywaji 15, na hakuna mgeni hata mmoja aliyekushukuru maana hakujua.

Kipimo kinamlinda mnywaji pia. Mililita 50 za kileo chenye asilimia 40 zina mililita 20 za alkoholi halisi, karibu sawa na Tusker moja ya nusu lita yenye asilimia 4.2. Tofauti ni kwamba asali na ndimu huficha ukali, na mtu hunywa tatu kwa muda ambao angemaliza bia moja. Mweleze mgeni wako hivyo kabla hajachukua funguo za gari.

Isitoshe, usisahau wasiokunywa. Katika karamu nyingi wao ndio wengi, na wamechoka kupewa soda ile ile. Shira ya tangawizi, ndimu, mnanaa na maji ya soda juu ya barafu ni kinywaji kamili, kinapendeza macho, na kwa kuwa hakina kileo gharama yake ni ndogo mno. Kwa maoni yangu, anayeanza na mtaji finyu angeanzia hapa, auze vinywaji visivyo na kileo kwa miezi kadhaa, kisha faida ndiyo inunue chupa zile nne.

Stempu na leseni

Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, kuna sababu. Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu na Kiambu baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapoteza macho. Februari 2024 msiba kama huo uliwapata watu wa Kirinyaga. Methanoli haitambuliki kwa kuonja wala kunusa, na ukiichanganya na asali utaficha hata ile dalili ndogo ambayo ingekushtua.

Nunua kwenye duka lenye leseni, kagua kifuniko kama kimeguswa na uangalie stempu ya ushuru ya KRA. Mamlaka hiyo ina programu ya simu iitwayo Soma Label inayosoma stempu na kuonyesha kama ni halali. Dai risiti. Chupa tupu zenye majina makubwa usimpe mtu usiyemjua, kwani hujazwa bidhaa bandia na kurudishwa sokoni. Bandua karatasi ya jina, haribu kifuniko, ndipo uitupe.

Kuhusu leseni, kumchanganyia rafiki kinywaji sebuleni kwako ni jambo moja na kumuuzia ni lingine. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inamtaka kila anayeuza kileo awe na leseni, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Leseni hushughulikiwa na kaunti. Baadhi ya wachanganyaji hukubaliana na mwenye sherehe anunue chupa mwenyewe, wao walipwe ufundi, barafu na matunda. Mpango huo pia hukuokoa dhidi ya kufunga mtaji wako katika vileo, lakini uulizie ofisi ya kaunti kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Mwisho ni barafu, ambayo huisha kabla ya vodka karibu kila mara. Piga hesabu ya nusu kilo kwa kila mgeni, na kilo nyingine chache za kupozea chupa. Maji yawe safi ya kunywa, yagandishwe katika vipande vikubwa, kwa kuwa vidogo huyeyuka haraka na kukimaliza kinywaji nguvu. Friji ya nyumbani haiwezi kugandisha barafu ya wageni 40 kwa usiku mmoja. Anza siku tatu kabla, ukijaza mifuko, au weka oda kwa muuza samaki aliye na friji kubwa. Ila mwambie aigandishe kwenye mifuko mipya iliyofungwa, mbali na samaki.